Ini la Sungura, Moyo wa Kima

Profesa alizima spika pale pale visu vilipotolewa.

Tulikuwa tunasikiliza Sugungga, moja ya hadithi tano za pansori zilizobaki hai, zile simulizi ndefu za Kikorea anazoimba mtu mmoja aliyesimama na kipepeo cha kukunja mkononi, huku mwenzake amekaa chini anampigia ngoma. Mfalme Joka wa baharini anaumwa. Waganga wameshindwa. Dawa iliyobaki ni moja tu, ini la sungura. Basi kasa, karani wa cheo kidogo katika ikulu ile ya majini, anapanda nchi kavu, anamrubuni sungura kwa ahadi za vyeo na starehe, anambeba mgongoni mpaka chini kabisa. Sasa sungura amekamatwa, yuko mbele ya kiti cha enzi, na wenye visu wanasubiri amri.

“Wewe ndiye sungura,” Profesa akasema. “Unajiteteaje?”

Wakorea wote darasani walikuwa wanatabasamu. Hadithi hii wanaijua tangu chekechea, na walijua kwamba swali ni la sisi wageni. Mwenzetu wa Vietnam alisema angelia. Wa Uzbekistan alisema angeomba mkalimani.

Mimi nikasema: “Ningesema ini nimeliacha nyumbani.”

Kimya.

“Umeshaisoma?”

“Hapana, Profesa. Kanihadithia bibi yangu, Unguja. Ila kwetu si sungura, ni kima. Si ini, ni moyo. Na aliyembeba si kasa, ni papa.”

Darasa likaangua kicheko. Profesa hakucheka. Aligeukia ubaoni, akaandika kwa Kikorea kima, moyo, papa, akapiga mstari chini yake, kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki zote hizi.

“Imeandikwa wapi?”

## Kiburi cha siku ya kwanza

Siku ile nilitoka darasani kifua mbele. Kwenye basi la kurudi bwenini nilikuwa nimeshaitunga kichwani makala nyingine kabisa, ya vigelegele, yenye maneno kama “hadithi yetu imefika hadi Korea”. Niliwaona kabisa mabaharia wa Unguja wakishusha kima na papa bandarini Busan.

Makala ile haikuandikwa, na afadhali.

Kupata mahali ilipoandikwa haikuwa kazi. Edward Steere, yule mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu Zanzibar, alichapisha London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Hadithi ya kima na papa imo, kwa jina Kisa cha Punda wa Dobi. Nakala yake iliyopigwa picha ipo mtandaoni bure. Niliifungua usiku, nikitegemea kumkuta bibi yangu mle ndani.

Nilimkuta nusu.

Mkuyu upo, na matawi yameinamia bahari, na kima anamrushia papa matunda. Urafiki upo, safari ya mgongoni ipo, na ule uongo mtamu kwamba sisi makima tukitoka kwenda kutembea, mioyo tunaiacha juu ya mti. Lakini kima akisharudi juu ya mkuyu salama, na papa akimwita ashuke waende zao, hadithi ya Steere haiishi. Kima anaanza kumsimulia papa hadithi nyingine, ya punda wa dobi. Sungura alimpelekea punda posa ya simba. Punda akakubali kwa furaha, akaenda, akararuliwa, akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata mara ya pili, na punda akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Akauawa. Simba alipotaka moyo na masikio, sungura alikuwa ameshavila, akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo, angerudi?

Bibi naye alikuwa na punda huyo, lakini alimfuga mbali. Kwake “punda wa dobi” lilikuwa neno la kumsemea mwanamke aliyeachwa akarudi kwa mume yule yule. Sikupata kujua kwamba punda na kima ni wa hadithi moja, mmoja yuko tumboni mwa mwenziwe.

Na hapo kiburi kikaanza kunitoka. Hadithi iliyobeba hadithi nyingine tumboni ina kwao, na wanaosoma fasihi ya Asia wanakujua.

## Njia mbili kutoka India

Kwao ni India. Katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha hekaya za kuwafunda watoto wa mfalme, sehemu ya nne ni ya nyani na mamba, na ndani yake yumo punda asiye na moyo wala masikio. Karne ya 6, enzi ya mfalme Khosrow Anushirwan, tabibu aliyeitwa Burzoy alikipeleka kitabu Uajemi. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu cha kupigiwa mfano, akakigeuza kuwa Kalila wa Dimna. Humo mamba amekuwa kasa, lakini punda yuko pale pale na dobi wake. Ukishafika kwenye Kiarabu, kuvuka hadi Unguja ni suala la kusubiri kaskazi.

Upande wa pili ni wa Wabudha. Nyani aliyeacha moyo mtini yumo katika Jataka, hadithi za maisha ya Buddha kabla hajazaliwa kuwa Buddha, na kupitia watawa akaingia China. Kang Senghui, mtawa wa karne ya 3, alikiweka kisa hicho kwa Kichina, na mle kinachotafutwa ni ini. Korea kimeandikwa katika Samguk Sagi, kitabu cha historia cha mwaka 1145, na mahali kilipowekwa ndipo panaponifurahisha kuliko pote. Mwaka 642 Kim Chunchu, mjumbe wa dola ya Silla, amezuiliwa na mfalme wa Goguryeo, dola jirani, anayemdai ardhi. Anampa ofisa mmoja wa ikulu hongo ya vitambaa. Ofisa anakuja na chakula na kinywaji, wanakunywa, na katikati ya mzaha anamuuliza: umewahi kusikia hadithi ya kasa na sungura? Anamsimulia. Kim Chunchu anaelewa. Anamwandikia mfalme kwamba akifika kwao atahakikisha ardhi inarudishwa, ahadi ambayo hakukusudia kuitimiza, anaachiwa, na baadaye anakuwa mfalme wa Silla.

Hadithi ya kulazia watoto imemtoa mtu kizuizini. Ukiniuliza fasihi ina kazi gani, huyo ndiye shahidi wangu wa kwanza, ingawa nakiri kwamba hongo nayo ilisaidia.

Kwa hiyo hadithi ya bibi na hadithi ya Profesa ni ndugu waliotawanyika. Mmoja kaenda magharibi na vitabu vya Waajemi na Waarabu, mwingine mashariki na maandiko ya Wabudha. Hakuna aliyemwazima mwenziwe.

Ningeweza kuishia hapo. Hitimisho lilikuwa safi, lina mishale miwili mizuri kwenye ramani, na ndivyo nilivyoandika katika kazi niliyompelekea Profesa.

Ilirudi na maneno mawili pembeni, kwa kalamu ya risasi.

“Nani mgonjwa?”

## Nani mgonjwa

Nilidhani ni swali dogo.

Nikarudi mwanzo. Katika Panchatantra anayeutaka moyo ni mke wa mamba, kwa wivu, kwa sababu mumewe hashindi nyumbani siku hizi. Katika Jataka ni mke mwenye uchu. Katika Kalila wa Dimna mke wa kasa anajilaza na kujifanya mahututi. Kwa Kang Senghui ni mke pia. Kote huko ni mambo ya chumbani: mke anataka, mume anatumwa.

Korea si hivyo. Katika Samguk Sagi mgonjwa ni binti wa Mfalme Joka wa Bahari ya Mashariki. Katika pansori ni mfalme mwenyewe, na hilo linabadilisha kila kitu. Mgonjwa akiwa mke, hadithi inabaki sebuleni. Mgonjwa akiwa mfalme, wanaingia mawaziri. Linaitishwa baraza la samaki, kila mwenye cheo anatoa sababu kwa nini asiende yeye, na anayekwenda ni kasa, mdogo wa vyeo. Hakuna samaki aliyewahi kuona sungura, kwa hiyo wanaitwa wachoraji wa ikulu wamchore kwa kusikia tu. Kasa anaichukua picha ile, anaificha kwenye mikunjo ya shingo yake, anavuta kichwa ndani, safari inaanza.

Akifika nchi kavu, taya limemkakamaa kwa kusukumana na maji njia nzima. Anataka kuita “Bwana Sungura”, tho saengwon, ulimi unamtoka “Bwana Simbamarara”, ho saengwon. Na simbamarara, ambaye hajawahi kuitwa “bwana” na mtu, anateremka mlimani mbio kwa furaha. Kipande hicho bendi moja ilikiimba upya, na mwaka 2020 kikatumika kutangaza utalii wa Korea, dunia nzima ikakicheza bila kujua ni kosa la matamshi la kasa aliyechoka.

Tulipokisikiliza darasani, wanafunzi wa Kikorea walikuwa wanapiga kelele za kuitikia, “Eolssigu!”, “Jalhanda!”, maana pansori bila kuitikiwa haiendi. Nilijikuta nataka kusema “Pakawa!”.

Nikarudi tena kwa Steere, kwa jicho lingine. Wakiwa katikati ya bahari, papa anamwambia kima kweli yake: sultani wa kwao ni mgonjwa sana, na dawa iliyotajwa ni moyo wa kima.

Sultani.

Wa papa.

Chini ya bahari.

Yaani hadithi ya Unguja, ambayo kwa punda wake ni ya ukoo wa Kiarabu bila ubishi, kwa mgonjwa wake inafanana na ya Korea. Mke aliyejilaza amepotea njiani, na mahali pake pana ikulu ya majini yenye mtawala anayesubiri dawa. Nilisoma ukurasa ule mpaka taa ya mwenzangu wa chumba ikazimwa kwa hasira.

Nilipompelekea Profesa, alifurahi kwa namna yake, ambayo ni kukutia hofu. Kufanana si undugu, akasema. Unguja ya wakati ule ilikuwa na sultani wake na jumba lake limeitazama bahari. Msimulizi yeyote angeweza kumpandisha cheo mgonjwa bila kuazima kitu kwa mtu. Au kulikuwa na njia ya tatu, ya mdomo, ya mabaharia na wafanyabiashara, isiyopita kwenye kitabu chochote. Pengine iko ya Kigujarati iliyosimuliwa hivyo. Pengine ya Kikachi, pengine ya Kimalei.

“Nani anaweza kuzisoma zote?” nikauliza.

Akatazama dirishani. Yeye anasoma Kikorea, Kichina cha kale na Kijapani. Kisanskriti kiko ghorofa nyingine. Kiarabu kiko jengo lingine. Kiswahili, akasema, “ndiyo wewe”.

## Ramani inapoishia

Hapo ndipo lilipoanza la pili linalonisumbua, na hili ni la masomo yenyewe.

Kozi niliyojiandikisha jina lake lina neno Asia. Nilipopitia upya mihtasari ya mihula yote niliona Asia hiyo ni pembetatu: China, Korea, Japani. India inaingia kama kwao Buddha, inatoa heshima zake, inaondoka. Magharibi ya India ramani inaishia. Riyadh iko Asia, Tehran iko Asia, Muscat ambako nina ndugu wa damu iko Asia, lakini taja fasihi ya Asia mbele ya darasa letu uone nani atamfikiria mshairi wa Kiajemi.

Siwalaumu sana. Kila mwenye kufundisha huanza na mlango wa nyumba yake. Ila hadithi ya kima haikupita kwenye milango hiyo. Ilipita baharini, na kipande cha bahari ilichopita kimekatwa vipande vya idara: huku Asia ya Mashariki, huku India, huku Mashariki ya Kati, huku Afrika. Ukiwa na swali linalogusa vipande vinne, kila mlango utakaobisha utaambiwa kwa adabu kubwa kwamba umekosea nyumba.

Kuna Wakorea wanaosoma Kiswahili. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Hankuk kimekuwa kikikifundisha tangu miaka ya 1980. Nilimpata mmoja aliyehitimu huko, tukakaa mkahawani na kurasa za Steere, tukazisoma kwa sauti kwa zamu. Anazungumza Kiswahili cha kunyooka, kile ambacho mjini kwetu tungemtania kuwa ni cha taarifa ya habari. Nilipomuuliza kama waliwahi kusoma hekaya za pwani akasema kidogo. Wengi wa darasa lake walikuwa wanalenga ubalozi, mashirika ya misaada na kampuni za ujenzi. Akanigeuzia swali: na Watanzania wanaokuja kusoma Kikorea?

Nikacheka, kwa sababu mjomba wangu alikuwa ameniuliza hilo hilo juma lile.

## Mjomba na kikokotoo

Mjomba ana duka Kariakoo. Guangzhou anakwenda kama mwingine anavyokwenda Morogoro. Kichina chake ni namba na “punguza”, na ukimkwama ulimi anampa mwenye duka kikokotoo, mwenye duka anaandika, Mjomba anafuta anaandika yake, wanakwenda hivyo mpaka mmoja acheke. Nyumba mbili zimejengwa kwa lugha hiyo.

“Sasa mwanangu,” huniambia kila akipiga simu, “ukimaliza hicho Kikorea utamfundisha nani? Na wakikuuliza umesoma nini, utasema umesoma hadithi za sungura?”

Jibu la haraka ninalo. Ufadhili wa serikali ya Korea unakupa kwanza mwaka wa lugha, unatakiwa upate daraja la 3 la mtihani wa TOPIK ndipo uingie shahada yenyewe, na ukishafika daraja la 5 au 6 kazi za ukalimani hazikosekani. Hayo humtuliza Mjomba. Hayanitulizi mimi, kwa sababu siyo niliyokuja kuyafanya.

Nyumbani nako masomo ya lugha za Asia yamekua kwa njia hiyo hiyo. Taasisi ya Confucius ya kwanza Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, kwa ubia na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuja 2013, na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang. Mwaka 2018 ikafunguliwa pale Mlimani ile maktaba kubwa iliyojengwa kwa fedha za China. Rafiki zangu kadhaa walisoma Kichina hapo, wakapanda ngazi za mtihani wa HSK moja baada ya nyingine, na leo ni wakalimani kwenye miradi ya barabara. Mmoja anajua Kichina cha zege, nondo na likizo ya ugonjwa kuliko nitakavyojua mimi Kikorea cha jambo lolote. Analisha familia nzima. Sitathubutu kumwambia kwamba amesoma nusu.

Lakini ni nusu.

Na sababu ya kuwa nusu si uvivu wa mtu. Fuata fedha. Korea inalipia watu wasome Korea. China inalipia watu wasome China. India ikifungua kituo itafundisha Kihindi na yoga. Ni haki yao, nchi haitoi fedha zake ili ijulikane nyingine. Lakini hakuna atakayelipia mtu asome kile kilichopita kati yao na sisi, kwa kuwa bahari haina ubalozi. Kama kuna wa kulipia hilo, ni sisi wenyewe, na sisi tuna madawati ya shule ya kununua. Hapo huwa nanyamaza, maana hoja ya madawati sina jibu lake.

## Kupitia London

Kinachonifanya nisinyamaze moja kwa moja ni Shaaban Robert.

Aliwahi kutupa Umar Khayyam kwa Kiswahili, miaka ya 1950. Mshairi wa Nishapur, mji wa Uajemi, kwa kalamu ya mshairi wa Tanga. Ukikitazama juu juu ni Asia na pwani zinapeana mkono. Lakini alichokuwa nacho mezani ni Kiingereza cha Edward FitzGerald, tafsiri ya 1859 ambayo kila anayejua Kiajemi atakwambia ni FitzGerald kiasi kile kile ilivyo Khayyam. Bahari kati ya Tanga na Uajemi majahazi yameivuka tangu zama na zama, na bado ubeti ulilazimika kwenda London kwanza, ubadilishe nguo, ndipo ushuke Tanga.

Hadithi ya kima nayo, mimi mjukuu wa aliyeisimulia, nimeithibitisha kwa kitabu kilichochapwa London.

Haikuwa hivyo siku zote. Zaidi ya miaka 250 iliyopita Sayyid Aidarusi wa Pate aliifasiri kasida ya Hamziya ya al-Busiri kutoka Kiarabu moja kwa moja, Kiswahili chini ya Kiarabu, mstari kwa mstari. Hakuwa na idara, hakuwa na mtihani wa daraja la 3. Alikuwa na lugha mbili na wino. Watoto wangapi wa pwani leo wanatoka madrasa wakiwa wanasoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko wenzangu wa darasa la Asia watakavyozisoma maisha yao yote? Tunawaambia hiyo ni dini, na ni dini kweli. Lakini ndiyo hiyo hiyo lugha ya Ibn al-Muqaffa.

Nisipambe, lakini. Masharifu wa Pate wasingepoteza wino kwa kima. Wao walikuwa na mambo ya akhera. Kima na papa waliachiwa kina bibi, vibarazani, baada ya isha, ndiyo maana tunawatafuta leo kwenye kurasa za askofu.

## Kundi la ukoo

Juzi nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: “Hadithi ya kima na papa, aliyokuwa anasimulia bibi. Nani alikuwa mgonjwa?”

Mjomba alijibu kabla sijaweka simu chini. “Sultani wa papa. Nani mwingine?”

Mama mdogo, akiwa Muscat: “Sultani wapi! Mke wa papa. Ana uchu wake tu, hana ugonjwa wowote.”

Wakaanza. Watu waliolelewa nyumba moja, na mama mmoja, kwenye kibaraza kimoja cha Ng'ambo, wakabishana mpaka saa za watu kulala, kwa sauti zilizorekodiwa, huku binamu zangu wakitupia vikaragosi vya kucheka. Mjomba akaapa. Mama mdogo akamwambia yeye siku hizo alikuwa mitaani anacheza mpira, amesikia wapi hadithi. Mjomba akasema ameisoma shuleni pia. Hapo nikasimama: je, sultani wake ni wa bibi, au ni wa kitabu cha shule, ambacho nacho pengine kimetoka kwa Steere?

Nikasikiliza rekodi zile mara nyingi, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo ikulu yangu ya majini ilivyozidi kuingia maji. Kama bibi mmoja angeweza kumpa huyu sultani na yule mke, kufuatana na nani amekaa mbele yake usiku huo, basi sihitaji jahazi lolote kutoka mashariki. Alijua njia zote mbili, au alizitunga. Na kama si bibi, ni kitabu, basi ninachofuatilia ni safari ya mtaala, siyo ya mabaharia. Zote mbili zinavutia, ila si ile niliyoitaka.

Nilimweleza Profesa. Safari hii alicheka. Akasema sasa ndiyo nina swali la tasnifu, kwa kuwa la mwanzo lilikuwa jibu. Msimamizi atakuwa yeye, kwa masharti: nirudie Kiarabu changu cha madrasa mpaka niweze kusoma sura ile ya Kalila wa Dimna bila tafsiri, na nilete masimulizi yaliyorekodiwa kwa watu, siyo ya vitabuni tu. Mjomba nimeshamwambia. Ameuliza kama ina mshahara, kisha akaomba nimtumie ile ya simbamarara.

Basi kama una bibi, babu, shangazi au jirani aliyekulia pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, Visiwani, Ngazija au kwa ndugu zetu wa Muscat, niulizie. Awe anasimulia kwa mdomo, siyo kwa kitabu, na nijue aliisikia kwa nani na wapi. Nataka kujua nani alikuwa anaumwa, kilitakiwa moyo au kitu kingine, mti ulikuwa mti gani, na kama punda wa dobi aliingia humo au aliachwa nje. Rekodi kwa simu, ukipewa ruhusa. Na kabla hujamuuliza, usimsomee niliyoyaandika hapa, wala usimtajie sultani. Ukimtajia tu, atakupa sultani.